Wenyeji Hawakuonja

Nimekaa viti vya mbele katika misiba mingi ya watu nisiowajua. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu: balozi hupewa kiti, hupewa nafasi ya kusema maneno machache yaliyokwisha kupitiwa na watu watatu kabla yake, kisha hurudi garini kwenye bendera yake. Kwa hiyo mwezi uliopita, nilipofika Cheyo, mjini Tabora, kwenye msiba wa Bi. Zuhura na mtu akaniletea kiti cha plastiki kwa ajili ya "mheshimiwa", nilikikataa nikaketi mkekani na wanawake wenzangu, na magoti yangu ya miaka sitini na mbili yakanilaumu mpaka mwisho wa kisomo. Marehemu alikuwa amefariki hospitalini Kitete, asubuhi, baada ya kumaliza uji na kulalamika kwamba haukuwa na sukari. Mjukuu wake alinipigia simu Dar es Salaam nami nikapanda basi siku hiyo hiyo, lakini sikuwahi maziko. Waislamu hawamweki marehemu wakimsubiri balozi, na wanafanya vizuri. Nilikuta nyumba imejaa ubani na harufu ya wali wa msiba, na cherehani yake imesogezwa ukutani na kufunikwa shuka. Nililia pale kuliko nilivyomlilia mama yangu, na wanawake wakaniacha nilie. Hawakujua kwamba sehemu ya kilio kile haikuwa ya Bi. Zuhura.

Niliishi katika nyumba ile mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa na miaka ishirini na saba. Watu wanaosoma wasifu wangu hudhani nilianzia ng'ambo. Wenzangu niliomaliza nao mafunzo ndio walioanzia huko, wakanunuliwa makoti. Mimi nilipewa tiketi ya treni ya kwenda Tabora. Serikali yetu na serikali ya nchi moja jirani zilikuwa zimeunda Tume ya kuwarudisha kwao wakimbizi waliokuwa wakiishi kwenye makazi ya magharibi, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka mjini, nami nikateuliwa mwandishi wa Tume hiyo. Nchi yenyewe sitaitaja. Si woga, ni mazoea. Nimestaafu lakini ulimi wangu bado unakwenda kazini kila asubuhi. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili karibu na stesheni, na kila treni ya Kigoma ilipopita taipureta yangu ilitembea yenyewe mezani. Mkuu wangu, Bwana Lukindo, alikuwa mtu mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri, aliyependa matoborwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa chai kuliko biskuti yoyote ya ubalozini. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. "Monika," aliniambia wiki ya kwanza, "sisi hatuna ndiyo na hatuna hapana. Tuna 'tumelipokea', tuna 'linashughulikiwa', na mambo yakiwa mazuri sana tuna 'hali inaridhisha'. Ukiyamudu hayo matatu utafika mbali." Niliyaandika kwenye daftari. Na kweli nilifika mbali.

Bi. Zuhura alinipangisha chumba kinachotazama uani. Alikuwa mshonaji, mjane, mwenye sauti iliyovuka kuta tatu, na mimi nililala na kuamka ndani ya mazungumzo yake. Saa kumi na mbili asubuhi cherehani ilianza, saa moja pasi ya mkaa ilinukia, saa mbili wateja walianza kuingia na habari za mji mzima: nani kaposwa, nani kakataliwa, nani kashonewa gauni la kwenda kumzika mumewe naye mume bado anapumua. Chakula tulikula pamoja, kwa sababu alisema hajui kupika kwa mtu mmoja. Siku za kazi ilikuwa ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, na siku ya Ijumaa pilau kwenye sinia moja. Babu zake walikuja na misafara kutoka Manyema, na alipenda kunikumbusha kwamba hakuna mwenyeji Tabora. "Mji huu ulianzishwa na watu waliochoka njiani," alisema, akiuma uzi kwa meno. "Wengine walikuwa wanakwenda Ujiji, wengine wanakwenda pwani. Wakatua mizigo hapa wapumzike, wakapumzika mpaka leo. Hapa ukikaa miaka miwili ukamjua muuza nyama, wewe ni wa hapa." Nilidhani ni maneno ya kupitisha wakati. Baadaye nimeongoza mikutano ya uraia na ukimbizi katika miji mitatu mikubwa ya dunia, na sijasikia sera iliyosemwa vizuri kuliko ile.

Aliyekuwa akijifunza kushona kwake mwaka ule ni msichana wa miaka kumi na sita kutoka makazini, Konsolata, mkimya, mwenye vidole vyepesi. Alikaa kwa Bi. Zuhura siku za wiki, na kaka yake, Evaristi, ndiye aliyemleta na kumfuata. Evaristi alikuwa mwalimu wa shule ya makazi, na Tume ilimwazima kama mkalimani: mimi nilisoma au kusema kwa Kiswahili, yeye akawageuzia wazee kwa lugha yao. Alivushwa mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, hakukumbuka hata jiwe moja la kwao. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mrefu, mwenye tabia ya kukusikiliza mpaka mwisho ndipo avute pumzi ya kujibu, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea mikutano ya wizara lilinichanganya kabisa. Ijumaa alikuwa akifika mchana, Bi. Zuhura akiwa amekwisha kuswali, tukala pilau wanne kwenye sinia. Nilikuwa na maneno ya ofisini mdomoni hata nyumbani, naye hakuniachia. Siku moja nilisema suala la chumvi tutalishughulikia. "Afisa," alisema taratibu, "hapa nyumbani chumvi haishughulikiwi. Inaongezwa." Konsolata alicheka mpaka akapaliwa. Jioni hiyo nilimsikia Bi. Zuhura akimwambia jirani ukutani: "Mwalimu anakuja kumwona mdogo wake, na mimi nakwenda sokoni kunyoosha miguu." Jirani akauliza mwanamke mwenyewe anasemaje. Bi. Zuhura akasema mwanamke mwenyewe Ijumaa anaoga mara mbili. Nilikuwa chumbani nimeshika taulo, na sikutoka mpaka waondoke.

Nitasema wazi, kwa kuwa nimezeeka na hakuna wa kuniandikia barua ya onyo: nilimpenda. Naye alinipenda, ingawa hakuna aliyesema neno lenyewe. Tulikuwa tukitembea kutoka Cheyo mpaka stesheni mchana kweupe, tukizungumza habari za vitabu vya shule visivyotosha, na hiyo ndiyo ilikuwa posa yetu. Kati yetu palikuwa na karatasi moja. Tume ilitoa fomu kwa wale ambao hawakutaka kurudi, ya kuomba kubaki nchini, na Evaristi alikuwa nayo ndani ya kitabu chake cha hesabu, imejazwa, haijatiwa sahihi. "Mama anataka kufa kwao," aliniambia. "Mimi nataka kuishi. Sijui kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja." Mama yake alikuwa amesema hataenda bila mtoto wa kiume wa kumwongoza, na kama mtoto hataenda, basi naye atabaki, atanyamaza. Kwa hiyo sahihi ile ilikuwa ya watu wawili. Evaristi alisema ataamua baada ya ziara, maana kabla ya kurudisha watu Tume ilikuwa na desturi ya kuwapeleka wawakilishi wachache wakaone, kisha warudi wawaeleze wenzao. Wakalimani wa upande wetu hawakuruhusiwa. Wenyeji walitoa wa kwao. "Utakwenda wewe," alisema. "Basi mimi nimekwenda."

Kila kilima, maana kwao kilima ndicho kijiji, kilipewa mwakilishi mmoja kutoka makazini na afisa mmoja wa Tume. Kilima cha akina Evaristi alikwenda Mzee Bukuru, fundi wa mizinga ya nyuki, mtu mfupi aliyejua Kiswahili chote cha sokoni, na mimi. Tulisafiri siku mbili kwa lori. Tulipokelewa vizuri kwa kila kitu unachoweza kukiandika: watoto waliimba, kiongozi wa kilima alitoa hotuba, viti vilitandikwa vitambaa. Tulionyeshwa mashamba ya migomba tukaambiwa yanawasubiri wenyewe, ingawa yalikuwa yamepaliwa juma hilo na mtu fulani ambaye hatukuonyeshwa. Nyumba zilikuwa na moshi. Kisha tukaketishwa uwanjani, ukaletwa wali na ndizi za nyama, na chungu kikubwa cha pombe ya ndizi chenye mirija. Wenyeji wakakiweka katikati, wakarudi nyuma, wakasimama kando ya ukuta, mikono nyuma, wakitutazama kwa tabasamu. Nilikuwa na kiu. Nilinyoosha mkono kuchukua mrija, na Mzee Bukuru, ambaye siku zote aliniita Afisa na kunipisha njia, akaushika mkono wangu akaurudisha pajani. Akawaambia wenyeji kitu kwa adabu. Mkalimani akasema mzee anaumwa tumbo, na Afisa ni mtu wa dini. Tulikula wali kidogo. Chungu kilibaki kimejaa.

Jioni, jua halijazama, tuliketi kwenye ngazi ya lori, na akaniuliza kama nimeona. Nikasema nimeona mashamba ni mazuri. "Si mashamba," alisema. "Kwetu mwenye nyumba huonja pombe kwanza, mgeni akimtazama. Awe ndugu, awe adui, akishaonja mgeni yuko salama mpaka avuke mto. Hawa hawakuonja." Nikasema labda waliona haya kunywa mbele ya watu wa serikali, au walisahau. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniudhi, maana mimi ndiye niliyekuwa na shahada. "Wewe unaweza kusahau kumwamkia baba yako? Hakuna mtu anayesahau kuonja, Afisa. Walikuwa wanatuambia, na wametuambia kwa heshima. Ukifika makazini waambie hivyo tu: hawakuonja. Hawatakuuliza la pili." Nikamwambia atawaambia mwenyewe, ndiyo kazi iliyomleta. Akasema ni kweli. Kesho yake, njiani, homa ilimpanda ghafla. Alipofika Tabora alikuwa hatambui mtu, akalazwa Kitete, na siku ya tano akafa bila kutamka neno. Nilikwenda kumwona kila mchana. Nilimletea maji ya machungwa ambayo hakuyanywa. Nilikuwa nikimwombea apone, na kati ya sala zile nusu ilikuwa ya ugonjwa wake na nusu ilikuwa ya kunitua mzigo, kwa sababu sasa jambo lile lilikuwa langu peke yangu.

Niliandika. Nataka lijulikane hilo, ingawa halinisaidii. Katika rasimu ya kwanza, chini ya "Mapokezi", niliandika kwamba chakula na pombe vililetwa, kwamba wenyeji hawakuonja, na kwamba mwakilishi wa wakimbizi alilichukua jambo hilo kuwa onyo. Bwana Lukindo alisoma akiwa amesimama dirishani, akavuta kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja ulionyooka. Hakukasirika. "Hii ni taarifa ya serikali mbili," alisema. "Unataka niwapelekee mawaziri habari ya chungu cha pombe? Watauliza: risasi ilipigwa? Hapana. Mtu alifukuzwa? Hapana. Basi." Nikasema mzee alikuwa na uhakika. Akasema mzee ni marehemu, Mungu amrehemu, na taarifa haiandikwi kwa kumnukuu marehemu. Kisha akakaa, akatafuna toborwa, akaniambia kwa upole kabisa kwamba barua ya kunithibitisha kazini iko mezani kwake, na kwamba kuna nafasi katika ubalozi wetu mmoja wa Ulaya ambayo angependa aipate mtu makini. Hakusema "kama utakubali". Mtu wa kazi yetu hasemi "kama". Niliichukua karatasi, nikarudi kwenye taipureta, nikapiga: "Mapokezi yalikuwa mazuri. Hali kwa ujumla inaridhisha." Ilinichukua muda mfupi kuliko kubadilisha utepe wa wino.

Taarifa za Tume zilisomwa hadharani, ndiyo iliyokuwa desturi yetu na tulijivunia uwazi ule. Uwanja wa shule ya makazi ulijaa. Wanawake walikaa chini mbele, wazee kwenye madawati yaliyotolewa darasani. Nilisimama na karatasi zangu, na Evaristi akasimama kushoto kwangu, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni ya shati lake. Nilisoma sentensi, yeye akaigeuza. Nilisoma nyingine, akaigeuza. Nilipofika kwenye kilima chao nilisoma bila kuinua macho. Hakuigeuza. Nilidhani hakusikia, nikarudia: hali kwa ujumla inaridhisha. Akaigeuza, kwa sauti yake ya darasani, neno kwa neno, na mama yake aliyekuwa mstari wa pili akafunika uso kwa khanga akalia kwa furaha. Nimesimama mbele ya marais, nimesimama mbele ya watu waliokuwa wakinizomea, na hakuna mahali nilipotamani ardhi inimeze kama pale.

Ijumaa iliyofuata alikuja kama kawaida. Tulikula. Konsolata akachukua sinia, Bi. Zuhura akaingia ndani kutafuta kitu ambacho nina hakika hakikuwepo. Evaristi alinawa mikono, akaifuta, akakaa. "Taarifa nimeisikia," alisema. "Niliisema mwenyewe. Sasa sikuulizi Afisa, namuuliza Monika. Tukienda tutakuwa salama?" Nakumbuka kila kitu cha dakika ile. Kuku alikuwa akiparua karibu na mtungi. Chai yangu ilikuwa na asali ya porini, ile nyeusi inayokwaruza koo. Nilijua kwamba neno moja lingetosha, na nilijua neno lenyewe. Niliiona pia barua iliyoko mezani kwa Bwana Lukindo, na niliwaza kwamba nikisema, kesho makazi yote yatajua, na keshokutwa wizara itauliza nani kasema. Na niseme lililo baya zaidi: niliwaza kwamba huenda mzee alikosea. Mtu akitaka kuamini kitu kinachomfaa, huwa hakosi sababu. "Taarifa ni ile ile," nilimjibu. "Hali inaridhisha." Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi kama kawaida yake, nikasubiri jibu. Akasema, "Haya. Asante, Afisa."

Waliondoka na msafara wa kwanza wa malori, yeye na mama yake. Konsolata alibaki kwa Bi. Zuhura amalizie mafunzo, halafu afuate. Nilikwenda kuwaaga kwa kazi, na kitambulisho shingoni, nikiwa na orodha ya majina ninayoitia alama. Mama yake alinishika mikono yote miwili akanibariki. Evaristi alikuwa juu ya lori akipanga mizigo. Alininyooshea mkono kutoka juu, mkono mkavu, wa kiofisi, nikaushika, na lori likaanza kunguruma. Nilidhani ana huzuni ya safari. Miezi miwili baadaye nilipata barua yangu ya kuthibitishwa, na ile ya Ulaya, zote kwa bahasha moja. Bi. Zuhura alinishonea gauni la kuondokea, la kitenge cha rangi ya kahawia, akanipimia kiuno mara tatu huku hasemi neno. Nilikuwa huko kwenye baridi, kwenye ofisi yenye zulia, ilipokuja nakala ya taarifa ya mwisho ya Tume. Kilima kile kilikuwa kimevamiwa na majirani wakati wa mavuno. Kulikuwa na orodha ya waliouawa. Majina yao yalikuwa yamefuatana, la mama juu, la mwana chini. Chini ya orodha mwandishi mwingine, kijana aliyenirithi, alikuwa ameandika kwamba hali sasa inaridhisha.

Tangu hapo nimefanya kazi hii miaka zaidi ya thelathini na watu husema niliifanya vizuri. Siku hizi wakimbizi wengine wako kwenye kambi nyingine za upande ule ule wa magharibi, na taarifa zao huja kwenye simu, zina picha zilizopigwa kutoka angani na ramani za rangi. Vijana wa wizarani hunitumia rasimu niwasaidie, maana wananiona mama yao wa kazi. Nikikuta neno lile, "inaridhisha", nalifuta, nawaandikia pembeni: mlikula nini, nani alikula nanyi? Wanadhani ni uzee. Mmoja alinijibu kwa heshima, "Shikamoo mama, mfumo hauna sehemu ya kujaza hayo." Nilimwambia marahaba, mwanangu. Sijawahi kumwambia mtu habari ya chungu kile, hata mume wangu, ambaye alikufa bila kuijua. Niliamini kwamba dhambi yangu naifahamu umbo lake lote: nilimdanganya mtu aliyeniamini, akafa akiniamini. Nilikuwa nimeizoea. Nilikuwa hata nimeanza kuiheshimu.

Baada ya kisomo, wanawake walipokuwa wakikusanya sahani uani, alinijia mama mmoja mnene, mwenye miwani, akaketi kando yangu kwenye mkeka. "Dada Monika," alisema, "umenisahau." Nilimtambua kwa vidole. Konsolata ana wajukuu sasa. Alipata uraia, akaolewa Puge, upande wa Nzega, analima mpunga na karanga na bado anashona sare za shule. Kila baada ya mavuno alikuwa akimletea Bi. Zuhura gunia. Hatukuwa tumeonana tangu nilipoondoka, na nitasema ukweli, mimi ndiye niliyekuwa nikipiga simu kwanza kuuliza kama yupo kabla sijaja Tabora, nisije nikamkuta. Tulizungumza habari za marehemu, tukacheka kidogo, tukalia kidogo. Kisha sijui ni nini kilichonifungua, labda ni kule kuona cherehani imefunikwa. Nilimweleza yote: kilima, chungu, Mzee Bukuru kwenye ngazi ya lori, kalamu nyekundu. Nilisema nikitazama mkeka. Nilipomaliza nilisubiri anipige au ainuke. Alikuwa akikunja khanga ya mtu juu ya goti lake, anainyoosha pembe kwa pembe.

"Habari ya pombe sikuijua," alisema. "Lakini kwamba ulisema uongo, hilo tulilijua."

Nikamuuliza ni nani waliolijua, maana Bukuru hakusema na mtu.

"Kaka alijua siku ile ile uwanjani. Alikuja hapa, Bi. Zuhura yuko kwenye cherehani, akasema Monika kasoma bila kuinua macho, kasoma kitu ambacho hakukiandika yeye. Nikamwambia basi usiende, tia sahihi. Akasema subiri, nitamuuliza mwenyewe, tukiwa hapa nyumbani, si kikazi. Ijumaa akakuuliza." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Ulipoingia chumbani kwako nilimsindikiza mpaka barabarani. Akaniambia: nilimpa nafasi. Angesema baki, asieleze hata kwa nini, ningebaki, na mama angebaki. Lakini kama hata yeye anatudanganya ili tuondoke, basi hapa hakuna anayetutaka. Akasema bora asitakiwe kwao, akiwa na mama, kuliko asitakiwe huku. Alikwenda anajua, dada. Mimi akaniacha kwa makusudi. Alimwambia Bi. Zuhura asinipeleke hata nikililia."

Miaka yote ile nilikuwa nikimwombolezea mtu aliyedanganyika, kumbe hakudanganyika hata dakika moja. Alikuwa amekaa mbele yangu, mikono imenawa, anajua kila kitu isipokuwa chungu, akisubiri tu nimwambie kwamba namtaka. Hakuwa ameuliza habari ya usalama. Na Bi. Zuhura alijua, mwaka hadi mwaka, kila niliporudi na zawadi zangu za uwanja wa ndege. Alinikaribisha, akanipakulia, akafunga mdomo.

"Yeye ndiye aliyenikataza," Konsolata alisema, kama aliyenisikia. "Alisema Monika akijua atakufa. Sasa ametangulia yeye, nami sitaki kulizeekea peke yangu. Sikulaumu sana siku hizi. Ila nina swali moja nimekaa nalo tangu nikiwa msichana. Ulitaka aende?"

"Hapana," nilisema. Nilisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba wanawake waliokuwa kwenye masufuria waligeuka. "Nilitaka abaki. Nilikuwa nimekwisha chagua hata mtaa tutakaoishi."

Konsolata alitikisa kichwa polepole, akaiweka ile khanga juu ya nyingine. "Ungesema tu, dada," alisema, kisha akainuka kwenda kuwaaga wafiwa, kwa sababu gari la Nzega lilikuwa linaondoka saa kumi.